Mshenga Alitumwa Kudai Ng'ombe

Walikutana sokoni Kalangalala, mjini Geita, mchana wa jua kali, Salvina alipomkanyaga Magesa mguu akigombania kitenge cha mwisho cha rangi ya ugoro.

"Dada, na mguu wangu unaununua?" Magesa aliuliza. Buti zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la machimboni.

"Umechakaa huo. Sina shida nao."

Wakacheka, wakapeana namba. Tangu hapo simu zao zikawa kero kwa majirani: mpenzi umekula, mpenzi umelala. Hatimaye mshenga Pantaleo akaswaga ng'ombe wa mahari hadi Ushirombo kwa baba yake Salvina, na harusi ikapangwa baada ya Pasaka.

Kwaresima, shimo la mgodi alimochimba Magesa likabomoka. Magesa alitolewa hai, lakini uti wa mgongo ulikuwa umevunjika na miguu haikumsikia tena. Hospitali walimtaka aonane na mshauri nasaha, akakataa. Nyumbani aligeukia ukuta. Hakunyoa, hakula akashiba, hakupokea simu za Salvina. Aliililia miguu yake kama mtu aliyefiwa, na siku nyingine alitamani udongo ungemmaliza kabisa.

Ndipo akamtuma Pantaleo Ushirombo akawadai ng'ombe warudishwe. Masikini, alidhani anatenda wema: binti awe huru, aolewe na mwenye miguu yake. Huzuni ilimsahaulisha jambo wanalolijua hata watoto wa kwao, kwamba ng'ombe wakidaiwa kabla ya harusi, watu huuliza binti kafanya nini.

Salvina alipanda basi la kwanza kwenda Geita, kavaa gauni lake la kanisani, macho mekundu.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Mama Magesa mlangoni.

"Marahaba, mayu, mwanangu. Pita. Labda wewe atakusikia."

Salvina alisimama kando ya kitanda. "Magesa, nimekukosea nini?"

Magesa aliendelea kuutazama ukuta.

"Pantaleo kaongea mbele ya majirani. Sasa kanisani wananitazama tumbo. Niambie, nimelala na nani?"

Magesa aligeuza uso. "Nani kasema hivyo?"

"Ng'ombe wako."

Aibu ilimshika akakosa pa kutazama. "Nilitaka uwe huru, Salvi. Mimi nimekwisha. Sijui hata kama nitakupa mtoto. Kuna siku naomba nisiamke."

Hasira zote zikamwisha Salvina. Akaketi, akamkumbatia kichwa, wakalia pamoja.

"Hata mimi naogopa," alisema. "Ila tuogope wote. Kama hunitaki, niambie kwa mdomo wako, usimtume mtu."

"Nakutaka. Nakutaka mno."

"Basi mpigie baba."

Magesa alishika simu, akapiga. "Shikamoo, baba. Ni Magesa. Nimekosea. Salvina hana doa lolote. Naomba ng'ombe wabaki."

"Marahaba, mwanangu. Wako zizini. Mshenga wako tulimchinjia kuku, tukamwambia maneno ya mgonjwa hayaswagi ng'ombe. Majirani niachie mimi. Umekula?"

"Bado, baba."

"Kula."

Magesa alishusha pumzi ndefu. Huzuni ilikuwapo bado, lakini haikumlemea tena kama mwanzo.

"Jumatatu nitakwenda kwa yule mshauri nasaha," alisema. "Ukinisindikiza."

"Nitakusindikiza. Ila kwanza tukuogeshe, mume wangu. Unanuka."