Nilishuhudia Dhidi ya Kaseti ya Binti Yangu

Nina umri wa miaka sitini na sita, mgane, mzee wa kanisa hapa Gisenyi, Rwanda. Zaidi ya miaka thelathini niliishi uhamishoni Karagwe, Tanzania, na huko ndiko nilikofundishwa Biblia na Kiswahili hiki ninachowaandikia. Bwana alinirudisha nchini kwangu nikiwa hai, nami namshukuru kila asubuhi. Lakini kuna jambo moja ambalo hata nikishukuru siku nzima haliondoki kifuani...

Ndugu wasomaji, nilimpoteza binti yangu kwa ulimi wangu mwenyewe.

Jina lake Neema. Watoto watatu walimtangulia, na wote watatu tuliwazika Karagwe. Yeye peke yake ndiye aliyevuka mpaka pamoja nami tuliporudi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, alishona nguo mjini, na Jumapili aliimba kwaya. Sauti ile! Akina mama walikuwa wakiacha kufungua vitabu vya nyimbo ili wamsikilize.

Yeye na vijana watatu wa kwaya walianzisha bendi, wakaiita Inkuba, yaani radi. Kaseti yao ya kwanza ilikuwa ya gitaa moja na nyimbo za kanisani. Mji mzima uliipenda. Mimi nilitembea barabarani kichwa juu.

Kisha ikatoka kaseti ya pili.

Hii ilikuwa ya roki. Magitaa ya umeme, ngoma za kupigwa kwa nguvu, sauti ya Neema ikipanda juu kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Basi, mji ukagawanyika! Sokoni Mahoko wauza nguo waliipiga tangu asubuhi, na wauza viazi wa kando yao wakawaomba wazime. Pale Petite Barrière, kituo chetu cha mpakani, wanawake wanaovusha mizigo kwenda Goma, Kongo, waliimba wimbo wa pili huku ndoo zikiwa vichwani. Wengine walisema watoto wamerogwa na muziki wa Wazungu. Wengine walisema hawajawahi kusikia kitu kizuri namna hii. Nyumba moja, mume anaitaka, mke anaitupa nje!

Jirani yangu, Mama Zawadi, Mwislamu mchuuzi wa vitenge ambaye kila siku huvuka mpaka kwenda Goma, alikuwa upande wa wanaoipenda. Alinikuta mlangoni akaniambia, "Muzee, mutoto wako ananilizaka! Mi naisikia kila siku. We unasemaje?"

Nilimjibu kwamba bado sijaisikiliza. Akacheka. "Baba wa muimbaji, na hajasikia? Haya, kuja kwangu, iko courant ya umeme, tusikie pamoja."

Sikwenda. Niliona si heshima mzee wa kanisa kwenda kusikiliza roki kwa jirani.

Wiki hiyo baraza la wazee likakutana. Malalamiko yalikuwa mengi. Lakini wazee wenzangu waliogopa kuonekana wanawaonea vijana, basi wakaniambia: wewe ni baba yake, sikiliza kaseti hii peke yako, utuletee ushuhuda. Neno la baba juu ya mtoto wake halitatiliwa shaka na mtu.

Nilijisikia kuheshimiwa. Nalikiri hilo pia.

Kwangu umeme haukuwepo. Nilikuwa na redio ya kaseti ambayo niliitumia kusikiliza habari tu. Mawe yake ya betri yalikuwa ya zamani. Nilifanya kama wengi wetu tunavyofanya: niliyaanika juani ukutani tangu asubuhi ili yapate nguvu kidogo, mchana nikayarudisha. Redio ikasema vizuri kabisa. Basi nikatia kaseti.

Ndugu zangu... nilichosikia kilinisimamisha nywele! Sauti nzito, ya kuvuta, kama ng'ombe anayekata roho. Maneno hayakueleweka. Magitaa yalikuwa yakinguruma polepole kama kitu kinachotambaa chini ya ardhi. Nikasema, huyu si Neema. Hii ni sauti ya yule mwovu akisema kinywani mwa mtoto wangu!

Nilizima kabla wimbo wa pili haujaisha. Nikapiga magoti, nikaomba mpaka jasho likanitoka.

Je, nilimuuliza Neema? Hapana. Je, nilirudi kwa Mama Zawadi kuuliza yeye anasikia nini hata analia? Hapana! Niliamini masikio yangu kana kwamba yalikuwa maandiko.

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa lote. Nilisema nimesikia kwa masikio yangu, na kwamba sauti iliyomo kwenye kaseti ile si sauti ya mwanangu. Baba anamshuhudia vibaya mtoto wake wa pekee... nani angebisha?

Neema akainuka katikati ya kwaya. Aliniuliza swali moja tu.

"Baba, ni wimbo upi?"

Wasomaji, sikuwa na jibu. Sikuwa nimeshika hata neno moja la wimbo wowote! Ningeweza kusema ukweli huo pale pale, na leo nisingekuwa naandika haya. Badala yake nilisema sitataja uchafu ule ndani ya nyumba ya Mungu.

Alinitazama. Kisha akakaa.

Wote wanne waliwekwa chini ya nidhamu. Kwetu maana yake ni kukaa benchi la nyuma, kutoshiriki Meza ya Bwana, kutoimba, mpaka mtu atie sahihi karatasi ya toba. Vijana watatu walitia sahihi baada ya mwezi. Magitaa yakafungiwa stoo. Neema alikataa. Alisema hawezi kutubu jambo ambalo hakuna aliyeweza kumtajia.

Nikamwambia chini ya paa langu hatakaa mtu anayelidharau kanisa. Alifunga begi moja dogo, akapita Petite Barrière kwa miguu kwenda Goma. Sikumsindikiza hata hadi njiani.

Miezi ikapita. Ilikuwa miaka mibaya, mnakumbuka. Barabara zilikuwa na hofu, mpaka ulifungwa leo ukafunguliwa kesho. Habari zake nilizipata kwa Mama Zawadi. Anashona. Anaimba kidogo. Amekonda.

Halafu siku moja Mama Zawadi alikuja bila vitenge mkononi. Alisema Neema ana homa ya matumbo, hali ni mbaya. "Muzee, anakuita. Ananiambia, 'Mwambie Baba aje.' Twende kesho asubuhi, mpaka iko wazi."

Mnadhani nilifanya nini? Nilichukua karatasi ya toba, nikaikunja vizuri, nikampa Mama Zawadi. Nikasema akishatia sahihi, nitakuja na wazee tumwombee. Nilijiona baba mwenye msimamo!

Mama Zawadi aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole. "Mutu iko anakufa, we unamutumia karatasi?"

Lakini aliipeleka.

Siku ya pili mpaka ulifungwa yeye akiwa ng'ambo. Siku ya nne akarudi nayo. Haikuwa na sahihi. Aliniambia Neema aliisoma, akaomba kalamu... na vidole havikuweza tena kuishika. Sijui hata leo kama alitaka kutia sahihi au kuniandikia neno lingine. Alikata roho jioni ile ile.

Kanisa langu halikumzika, maana alikuwa chini ya nidhamu. Walimzika majirani wa Goma, Wakristo na Waislamu, watu ambao sikuwajua. Mimi nilifika kaburi likiwa tayari lina udongo.

Nilipotoka huko Mama Zawadi alinipeleka kwake, akaniwekea chai, akawasha kaseti. Nikasikia sauti safi ya binti yangu. Magitaa yalikuwa na kelele, ndiyo, lakini juu yake Neema alikuwa akiita majina: Yohana, Esteri, Petro. Ndugu zake waliobaki katika udongo wa Karagwe! Majina niliyomfundisha mwenyewe akiwa mdogo. Na kiitikio kikauliza: "Baba, nani atawaita nikinyamaza?"

Nikauliza hii ni kaseti gani.

"Ni ile ile, Muzee. Ile ulisema iko na shetani."

Nilikataa kuamini. Nikaenda kuleta redio yangu kumwonyesha. Akasikiliza kidogo tu, akafungua nyuma, akatoa mawe yaliyokuwa yamevuja maji. Hakunicheka. Alisema taratibu, "Mawe imekufa, Muzee. Redio inasema, lakini kaseti haina nguvu ya kuzunguka. Inavuta tu."

Inavuta tu... Mtoto wangu alifukuzwa kwa sababu hiyo!

Nilirudi mbele ya kanisa nikaeleza yote, mawe ya redio mkononi. Wengine walilia. Wengine walinong'ona kwamba uchungu umemvuruga mzee, na kwamba kaseti ni mbaya vilevile. Mpaka leo mji haujakubaliana juu ya kaseti ile. Nami sitawadanganya: magitaa yale bado siyapendi. Kutoyapenda hakukuwa dhambi. Dhambi yangu ni kwamba sikuelewa neno, nikaapa kwamba nimeelewa.

Enyi wazazi, enyi viongozi wa ibada, nawasihi! Mtoto akikuuliza, "Ni wimbo upi?" na huna jibu, sema huna jibu. Sema mbele ya watu wote, hata kama watakucheka. Na akikuita, nenda. Usitangulize karatasi.

Wazee wenzangu walinisamehe, wakanitaka nirudi kwenye kiti changu cha mbele. Niliwashukuru. Lakini kila Jumapili nakaa benchi la nyuma, mahali ambapo Neema aliwekwa kwa ushuhuda wangu, na wakati wa kuimba mimi nafunga kinywa.