Panya wa Chumba cha Pili

Panya wa chumba cha pili waliacha kula siku ya Jumanne, na Truphena ndiye aliyegundua.

Kazi yake katika kituo kile cha utafiti, nje kidogo ya Garsen, ilikuwa kulisha panya weupe na kuosha vizimba. Chumba cha kwanza kilikuwa na mtambo uliowapiga panya mawimbi hafifu kama ya simu, yasiyoweza kupasha moto hata kikombe cha maji. Daktari Tsuma alitaka kujua kama yanadhuru mwili polepole. Chumba cha pili kilikuwa na mtambo kama huo, ila haukuwashwa kamwe. Panya wake walikuwa wa kulinganishia tu.

Wa chumba cha kwanza walikuwa wakikimbizana. Wa chumba cha pili, wote arobaini, walisimama kwa miguu ya nyuma, wakiuelekea mtambo uliozimwa.

"Daktari, hawa wana nini?"

Tsuma alimchoma mmoja sindano mkiani. Hakushtuka. Akamchoma wa pili. Kimya.

"Mtambo wenyewe hata stima hauna," alisema kwa sauti ya chini. "Usimwambie mtu."

Alhamisi chumba kikanuka nywele zilizoungua, na mvumo mdogo ukatoka ndani ya mtambo, ukisikika menoni kuliko masikioni. Siku hiyo Truphena alikosa wa kumwachia bintiye, Asenath, wa miezi minane, akaenda naye kazini mgongoni. Mtoto alikuwa akilia tangu alfajiri kwa ajili ya meno. Walipovuka mlango wa chumba cha pili akanyamaza ghafla, kilio hakijaisha. Truphena alishukuru.

Lakini nyumbani Asenath hakulia kwa njaa, hakulia kwa maji baridi, na Ijumaa siafu walipompanda mguu ukavimba hadi gotini hakulia pia, alikaa tu juu ya mkeka macho makavu, uso ameuelekeza ule upande wa kituo, na Truphena alipomgeuza akageuka tena taratibu, na alipomgeuza tena akageuka tena, huku ile harufu ya nywele zilizoungua ikitoka katika pumzi yake ndogo.

"Mama Asenath," mumewe Kiti alinong'ona, "huyu si mtoto wetu."

"Ni wetu. Kuna mtu ndani yake."

Asubuhi wakampeleka Kulesa kwa Bi Mwanasiti, mganga aliyehamia huko kutoka Kinakomba. Alifukiza ubani, akasoma, akaweka sikio kifuani pa mtoto. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Ni jini. Anasema alikuta nafasi imetengenezwa kule kituoni, haina mtu, akaingia. Kwa panya ni padogo. Hapa amepapenda."

"Mtoe, Bi," Kiti alisema.

"Kutoka atatoka, lakini harudi kwa panya. Anataka mtu mzima, tena aliyekubali mwenyewe."

Kiti alifungua kinywa. Truphena akamtangulia.

"Nipe mimi."

"Mwanangu, unajua unachosema?"

"Najua. Fanya haraka, nisije nikaogopa."

Bi Mwanasiti aliwagusanisha vipaji vya nyuso, mama na mtoto, akasoma tena. Asenath akapiga ukelele uliowatoa majirani nje. Kiti alimnyakua, akacheka, akalia, akambusu mguu uliovimba. Truphena aliwatazama, akasema ni vizuri.

Jumatatu panya walikula. Tsuma aliandika daftarini kwamba chumba cha pili kiko sawa. Truphena aliosha vizimba vyote, akarudi nyumbani.

Kiti alimpokea mlangoni, mtoto ana homa, analia hadi sauti imekauka.

"Mshike, anakutaka wewe."

Akamshika. Mikono ilijua pa kuweka kichwa na pa kuweka miguu. Asenath alimng'ang'ania shingoni, akalia, na Truphena akakitazama kile kinywa kilichofunguka, akijaribu kukumbuka mama huhisi nini mtoto anapolia.

"Mama Asenath, humsikii?"

"Namsikia," alisema.