Kisahaulishi cha Mkuu wa Siri

Kisahaulishi kiliunguruma taratibu, kama paka aliyeshiba, na kwenye kioo chake siku za maisha ya mtu zilikuwa zikififia moja baada ya nyingine. Aliyekaa kitini, kofia ya nyaya kichwani, ni Mzee Damas Ruhwanya, Mkuu wa Idara ya Siri ya Shirikisho la Maziwa, ambaye asubuhi hiyo alikuwa anastaafu. Aliyeuendesha mtambo ni Mhandisi Yusta Nkundwe. Kazi yake ilikuwa kuzipitia kumbukumbu za mzee, kuichorea kila siri mipaka yake, kisha kuifuta bila kugusa kumbukumbu iliyo kando yake. Mkono ukiteleza kidogo tu, mtu anasahau jina la mama yake mzazi.

Usiseme ni ukatili, ngoja kwanza. Mkuu wa kwanza alizikwa na siri zake, watu wakaona ndivyo inavyotakiwa. Wa pili vilevile. Wa tatu, maskini, alitekwa shambani kwake akipalilia maharage, miaka mingi baada ya kustaafu. Waliomteka hawakumpiga hata kofi. Walikuwa na mtambo wa kusoma ubongo, wakachota majina ya makachero wote wa Shirikisho, na makachero hao wakawa wanaokotwa mitoni. Ndipo Baraza la Kigoma likapitisha sheria kwamba Mkuu akitoka, siri haziondoki naye. Na aliyeiandika sheria hiyo ni huyu huyu Damas, enzi hizo afisa wa kawaida asiyejulikana hata na majirani.

Kwenye kioo ikatokea shule ya bweni ya wasichana. Yusta akausimamisha mtambo.

"Hii ni shule yangu," alisema.

"Ulisoma Kasulu?" mzee akauliza.

"Ndiyo, Mzee. Na siku hii naikumbuka. Tulirudishwa nyumbani wote kwa sababu ya kunguni. Tukamcheka mkuu wa shule mpaka tukamaliza kidato cha nne."

"Hapakuwa na kunguni hata mmoja."

Yusta akatazama. Kwenye picha za kamera mezani kwa Damas aliona tangi la maji la shule, aliona watu wawili wakimimina kitu ndani yake usiku wa kuamkia siku ile, na alisikia kijana wa Idara akimweleza Damas kwa simu. Kutangaza sumu kungewashtua waliotia sumu, nao walikuwa wamelenga matangi mengine mjini, na Idara ilitaka kuwanasa kwanza. Damas akafikiri, akatoa amri: waambieni wazazi ni kunguni. Mabinti wote wakapanda mabasi wakinuna, wakiwa hai.

Yusta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Asante, baba," alisema.

Mzee akababaika. Katika Idara neno hilo halitamkwi, maana ukimshukuru mtu umemtaja, na ukimtaja umemuuza. Mtu aliyeokoa miji mizima alikuwa hajawahi kuambiwa asante kazini, na sasa hakujua aiweke wapi.

"Haya," alijibu mwishowe. "Haya, mwanangu. Endelea na kazi."

Kazi ikaendelea mpaka wakafika kwenye siku ambayo mzee mwenyewe alikuwa akiisubiri kwa hofu. Kioo kilionyesha wodi ya hospitali. Skolastika, mke wa Damas, alikuwa amelala kitandani, pumzi zikimpungukia. Mlango ukafunguka, akaingia mfanya usafi na ndoo yake, kofia imeshushwa hadi machoni. Alikuwa Damas.

Yusta hakuelewa. Nchi nzima ilijua kwamba siku ile Mkuu alikuwa ng'ambo, kwenye mazungumzo ya amani. Alionekana kwenye runinga akitabasamu, mkewe akikata roho. Watu walimsema sana.

"Yule wa kwenye runinga ni kifanani," mzee alieleza. "Roboti. Ina uso wangu, sauti yangu, hata kikohozi changu. Ng'ambo walikuwa wamepanga kuniua, nasi tukapeleka roboti. Mimi nilipaswa nijifiche nisionekane na kiumbe. Nikatoroka, nikaenda kwa mke wangu."

"Watoto wako wanajua?"

"Ninaye mmoja tu, Edina. Alikuwa ametoka kwenda kununua dawa. Aliporudi mama yake ameshafariki na mimi nimeshaondoka. Jioni akaniona kwenye runinga nikicheka. Tangu siku hiyo ananisalimia tu kwa sababu ya adabu."

Yusta aliuondoa mkono kwenye mtambo. Ukweli kwamba mtu huyu alikuwapo mkewe alipokufa ulikaa mahali pamoja tu duniani, ndani ya kichwa hiki, na yeye ndiye aliyetakiwa kuufuta.

"Baba, mimi ni mzima kwa sababu yako. Naweza kuupinda mstari wa mpaka, nikakuachia hii moja. Nani atajua?"

"Kifanani kinatumika mpaka leo," mzee akasema. "Hivi tunavyoongea kimebadilishwa uso, kimekaa mahali kwa niaba ya mtu mwingine. Wakinisoma, watajua, na mtu huyo atauawa. Naye ana mke. Futa, mwanangu."

"Na Edina?"

"Mpaka leo ananilaumu peke yake. Kuanzia kesho nami nitakuwa nimesahau, tutakuwa wawili."

Yusta alifuta. Alilia akifuta, wala hakuona haya.

Mwaka uliofuata vita ya Maziwa na nchi ya ng'ambo ikamalizika. Mikataba ikatiwa saini, na mtu yule aliyewakilishwa na kifanani akarudi kwake salama. Baraza, kwa kujisifu, likakitangaza kifanani hadharani, pamoja na safari zote kilizotumika, na kukiweka kwenye jumba la makumbusho ili watoto wakipige picha. Siri ikawa si siri tena. Lakini mhandisi wa kisahaulishi ana kiapo chake: alichokiona kichwani mwa Mkuu hakisemi kamwe, na akisema, anafukuzwa kazi. Yusta aliisikia habari ile akiwa anakunywa chai. Hakuimaliza. Wanasema siri ya mtungi muulize kata, na kata safari hii alikuwa yeye.

Aliwakuta Mzee Damas na Edina sebuleni nyumbani kwa mzee, runinga imezimwa, wamenuniana. Akawaamkia, akakaribishwa. Mzee hakumtambua; hata asubuhi ile ya mtambo ilikuwa imefutwa.

"Umetukuta pabaya, binti," alisema. "Nimeona roboti yangu. Kumbe siku aliyokufa mke wangu nilikuwa hapa hapa nchini. Na sikumbuki nilikuwa wapi."

"Mimi nakuambia ulikuwa wapi," Edina akasema bila kupandisha sauti. "Ulikuwa kazini. Afadhali ungekuwa ng'ambo kweli."

Mzee akainamisha kichwa. Alikubali, na hilo ndilo lililomuuma Yusta kuliko yote.

"Ulikuwa naye," Yusta akasema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Niliona mwenyewe, mimi ndiye niliyeifuta kumbukumbu hiyo kichwani mwako. Uliingia kama mfanya usafi. Uliketi kitandani ukamshika. Akakuambia kucha zake zimekuwa ndefu, anaona aibu kwenda kwa Mungu hivyo. Ukatafuta mkasi kwenye kabati la wauguzi, ukamkata zote, za mikono na za miguu. Akakushukuru, akasema sasa nenda kabla hawajakukuta. Hukwenda mpaka alipotulia."

Edina alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Mimi ndiye niliyemwosha mama," alisema. "Nilikuta kucha zimekatwa. Niliuliza wauguzi wote, kila mmoja akakataa. Nimeuliza miaka yote hii."

Mzee Damas alitazama vidole vyake, akijaribu kukumbuka, na hakukumbuka chochote. Machozi yalikuwa yakimtoka hata hivyo.

Edina akainuka, akajifuta uso kwa kanga.

"Baba," alisema, "umekula?"

"Bado, mama."

Akaenda jikoni, akapakua. Aliporudi alikuwa na sahani tatu.