Jumapili ya Kuombea Kazi

Kila asubuhi, kabla mji wa Embu haujajaa watu, Kendi alifungua mlango wa agroveti, duka la dawa na chakula cha mifugo alikoajiriwa, akafagia vumbi la pumba, kisha akaanza kupima chakula cha vifaranga, kilo moja moja, ndani ya mifuko ya karatasi. Aliipenda saa hiyo kwa sababu hakuna aliyemsemesha. Mkono ulijua kiasi kabla mizani haijasema, na kichwa kilibaki huru kuwaza mambo yake.

Asubuhi moja ya siku ya soko, stima zilikuwa zimepotea mji mzima. Kendi alikuwa akifunga mfuko mwanamume mmoja alipoingia kwa kasi. Juu alivaa koti la suti la bluu na shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Chini, suruali ya mazoezi na slipa. Hakusalimia. Alitazama ukutani, akafuata waya kwa macho, akachomoa plagi iliyokuwapo na kuchomeka chaja yake.

"Samahani siste," alisema huku ameinamia simu. "Niko na asilimia mbili pekee. Sitakaa."

Kendi alikuwa mtu wa aibu. Mteja akimfokea, yeye ndiye aliyeomba msamaha. Lakini kilichochomolewa hakikuwa chake.

"Umezima friji ya chanjo."

"Ati?"

"Hiyo friji iko na chanjo za kuku. Inatumia betri ya sola. Zikipata joto zimeharibika, na ni mimi nitaulizwa."

Mwanamume aliirudisha plagi upesi hivi kwamba slipa moja ilimtoka. Akasimama na mguu mmoja kwenye sakafu baridi, simu imezimika mkononi. "Kwa hivyo kuku ni wa maana kuliko mimi."

"Kuku wamelipiwa. Wewe hujanunua kitu."

Alicheka kwanza yeye, kisha Kendi akageuka kuficha uso wake uliokuwa ukicheka pia. Mwishowe alimtafutia waya wa ziada. Jamaa alijieleza kwamba alikuwa katikati ya mazungumzo ya video na mteja wa Nairobi, ndiyo maana kavaa nusu. Aliitwa Muchangi. Alipoondoka alinunua kilo moja ya chakula cha vifaranga, ingawa hakuwa na kifaranga hata mmoja, na keshoye akarudi kununua nyingine.

Vijana wengi wa Embu huandikia kampuni za ng'ambo makala kupitia mtandao, na baadhi yao hulipwa kwa sarafu za mtandaoni, zile watu huita kripto. Kazi ya Muchangi ilikuwa kuzinunua sarafu hizo kwa shilingi na kuziuza kwa waliozihitaji. Wengine walimwachia awawekee. Mtaji aliupata kwa mamake, Veronicah, mjane wa huko Mbeere chini, kwenye joto, aliyeuza fahali wake wote. Mama huyo hakuuliza mengi. Aliuliza tu kama hiyo kitu inaweza kufa na ukame. Muchangi alimwambia haiwezi.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Muchangi alimpigia akiamka na akimaliza kazi, akamwita daktari wa kuku, naye Kendi akamwita Bwana Nusu Suti. Kwenye simu Kendi alikuwa mwingine: alichokoza, alisimulia, alinyamaza kusudi ili aulizwe kwa nini amenyamaza. Wakikutana ana kwa ana, alijibu kwa neno moja moja. Jumamosi alivaa rinda lake la manjano lenye kola nyeupe, akapanda hadi Majimbo, mtaa ambako Muchangi alipanga nyumba pamoja na rafiki yake Salesio, fundi wa simu kutoka Meru. Salesio ndiye aliyepika. Alimwita Kendi shemeji tangu siku ya kwanza na kumwonya kwamba anachumbiwa na mtu asiyejua kuosha sufuria.

Ni Jumamosi kama hiyo, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za nje, Muchangi alipompa kadi ndogo. Aliikata kutoka mwaliko wa harusi ya mtu, na upande mweupe ameandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kubwa.

"Wengine hupewa pete," alisema. "Wewe shika hii kwanza."

"Ni nini?"

"Ni ufunguo. Maneno kumi na mawili, hivyo yalivyofuatana. Nikigongwa na gari kesho, wewe ndiye utafungua pochi yangu ya sarafu huko mtandaoni, umrudishie mama chake, na watu vyao."

"Usiongee hivyo."

"Nisikize, dia. Hii si benki. Hakuna pahali pa kupiga simu, hakuna wa kurudisha. Mtu akiyaona tu, ameshika kila kitu. Nakala nyingine iko ndani ya nyumba, nyuma ya kalenda. Hakuna ya tatu. Usionyeshe mtu."

Kendi aliahidi. Aliiweka kadi nyuma ya simu yake, ndani ya kava, maneno yakiwa yameangalia ndani. Usiku ule aliilalia kama mtu aliyeposwa. Alikuwa ameposwa, kwa namna yao. Muchangi alikuwa amesema Desemba angefika Mitunguu, kwao Kendi, kumsalimu mama yake Kendi.

Jambo moja tu ndilo lililomsumbua. Muchangi hakuwa mtu wa kanisa. Alipomwalika, alimjibu kwa upole kwamba Jumapili ndiyo siku yake ya kulala. "Niombee wewe, daktari. Wewe ndiye unasikizwa."

Kanisani kwao kulikuwa na Jumapili moja kila mwaka ya kuombea kazi za mikono. Kila mtu alikuja na kifaa chake. Mwaka huo mkulima mmoja aliingia na jembe lililosuguliwa, fundi wa nguo akabeba mkasi, dereva funguo za gari, mwalimu pakiti ya chaki. Mhubiri aliwaita mbele na kuwaambia wasikunje vidole, wasimfiche Bwana kitu. Kendi, ambaye miaka yote alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, aliinuka. Hakuleta mizani. Alitoa kadi ndani ya kava, akatembea mbele ya watu wote, akaiinua juu kabisa, maneno yakiangalia mbele. Machozi yalimtoka. Mpiga picha wa kanisa, aliyesimama mbele akirusha ibada moja kwa moja mtandaoni, aliona msichana analia vizuri, akamvuta karibu.

Jioni Kendi alimwambia Muchangi kwa simu kwamba ameombea kazi yake, mbele, si nyuma. Muchangi alisema sasa atatajirika mpaka amnunulie friji yake ya chanjo.

Siku chache baadaye simu ililia Kendi akiwa na wateja. Sauti ya Muchangi ilikuwa imekauka.

"Kendi, pochi ni tupu."

"Gani?"

"Yote. Ya mama, ya watu, yote. Mtu amefungua kwa yale maneno. Uliwahi kumwonyesha mtu yeyote?"

"Hakuna mtu nimeonyesha," alisema Kendi, na alikuwa akisema kweli jinsi alivyoijua.

Kilichomwumiza Muchangi zaidi ni kwamba sarafu zenyewe aliziona. Katika biashara hiyo kila sarafu huacha nyayo ambazo mtu yeyote anaweza kufuata. Alikaa kitandani akizitazama zikitoka pochi moja hadi nyingine, kama mtu anayetazama ng'ombe wake wakipelekwa ng'ambo ya mto usiovukika. Alijua zilipo. Hakujua ni za nani sasa. Polisi walimuuliza pesa hizo zilikuwa benki gani. Alieleza. Afisa aliandika, akafuta, akauliza mshukiwa ni nani, kwa sababu jina ndilo kitu pekee angeweza kushika.

Muchangi alifikiria kalenda ukutani. Akataja jina la Salesio.

"Mimi hufungua simu za watu siku nzima," Salesio alimwambia polisi walipokuja kumchukua. "Ningetaka kuiba, ningeanza na za wageni, nisianze na yako." Hakuna aliyemsikiza. Watu waliokuwa wamemwachia Muchangi sarafu zao walisikia habari, wakaenda kwenye meza ya Salesio karibu na steji ya matatu, wakaipindua, wakakanyaga vioo vya simu mpaka vikawa unga.

Salesio akiwa bado ndani, mama mmoja wa kanisa alimtumia Kendi kipande cha video na maneno ya kumpongeza: Mungu amekutoa benchi la nyuma. Kendi alikifungua akiwa nyuma ya kaunta. Alijiona, rinda la manjano, uso umelowa. Aliona mkono wake ukipanda. Picha ikasogea, ikatulia kwenye kadi, ikakaa hapo muda mrefu. Hakuhitaji hata kuikuza. Alijikuta akiyasoma maneno kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, na alipofika la mwisho akailaza simu kifudifudi kwenye kaunta.

Aliwaza haraka kuliko alivyowahi kuwaza. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Angeomba kanisa liitoe video, lingeitoa. Muchangi angeendelea kumwita daktari. Mtu mmoja tu ndiye angelipa, na mtu huyo alikuwa kwenye seli akiwa na harufu ya solda ya kuchomelea simu mikononi.

Alifunga duka mchana, akapanda Majimbo kwa miguu. Muchangi alikuwa sakafuni, ndevu zimeota, macho kwenye simu. Kendi alifungua ile video kwenye simu yake. Akampa.

Muchangi aliitazama mara ya kwanza, na ya pili.

"Nilikwambia usionyeshe mtu."

"Nilikuwa naonyesha Mungu."

Kendi alidhani atarusha simu ukutani. Alijiandaa. Lakini Muchangi aliirudisha video nyuma na kuisimamisha, si kwenye kadi, bali kwenye uso wa Kendi. "Unalia," alisema, kama mtu aliyegundua jambo dogo. Kisha akainuka, akatafuta viatu. "Ni sawa, Kendi. Ni sawa. Twende tumtoe Salesio."

Salesio alitoka akichechemea. Muchangi aliomba msamaha mlangoni pa kituo, akaomba tena barabarani. Salesio alimjibu kwamba walikula sufuria moja miaka yote hiyo, na hilo ndilo asilolielewa. Alikusanya bisibisi zake zilizobaki ndani ya mfuko na kurudi Meru siku hiyo hiyo. Kwa Kendi alisema tu, "Asante kwa kusema, shemeji." Afadhali angemtukana.

Kanisa lilitoa video. Hakuna kilichorudi. Muchangi aliuza kompyuta, kitanda, hata koti la bluu, akagawa alichopata kwa waliokuwa wakimgongea mlango, na hakikutosha hata kwa wa kwanza. Kisha akateremka kwao Mbeere. Veronicah alimpokea, akampikia, akaenda kufagia zizi lisilo na mnyama kwa sababu ndivyo alivyozoea kufanya.

Muchangi aliendelea kumpigia Kendi simu. Hakukosa siku. Lakini simu hizo zilikuwa kama chai iliyochemshwa mara ya pili kwa majani yale yale. Umekula? Nimekula. Huko kuna joto? Kuna joto. Kendi akianza kuomba msamaha alimkatiza kwa upole: ni sawa, mpenzi, usijisumbue. Hakumwita daktari tena. Kendi alijaribu kumchokoza, akajaribu kunyamaza, akalia. Kila kitu kilipokelewa kwa sauti ile ile laini isiyomgusa.

Desemba ilipofika Kendi alimwambia hana haja ya kuja Mitunguu. Muchangi alisema alishaahidi.

Alifika amevaa shati jeupe lililofungwa hadi kooni, kwenye jua lile la Mitunguu, amebeba sukari na majani ya chai. Mamake Kendi, Igoki, alikuwa amechinja kuku. Muchangi alikula, akaongezewa, akala. Aliuliza bei ya ndizi, akauliza maji hufika shambani siku gani. Igoki alimpenda hapo hapo. Alienda jikoni akiimba, na wanawake majirani waliokuja kusaidia wakaanza kumtania Kendi, wakimwuliza kama huko Mbeere atajifunza kuchunga mbuzi au ataenda na mgomba wake.

Kendi alimtoa nje akisingizia kumwonyesha shamba. Walisimama kati ya migomba, maji yakirushwa juu na mabomba na kuwamwagikia mabegani. Hakuna aliyesogea.

"Mami anadhani umekuja kuposa."

"Najua."

"Umekuja kuposa?"

Muchangi alichuna jani kavu. "Nilisema Desemba nitakuja."

"Hiyo si jibu." Aibu yote aliyozaliwa nayo ilikuwa imemwisha, ikabaki hofu tupu. "Tangu ile siku hujanikasirikia hata kidogo. Kila siku ni sawa, ni sawa. Nikae na wewe maisha yangu yote nikiambiwa ni sawa? Nitukane, Muchangi. Nitukane nijue bado uko hapa na mimi."

"Ulikuwa unaniombea. Mtu hutukanaje hiyo?"

"Basi sema ile kitu umebeba moyoni."

Kutoka nyumbani Igoki aliita, akitaka kujua kama mgeni hunywa chai ya maziwa. Muchangi aliangusha jani, na alipomtazama, Kendi aliona kwa mara ya kwanza tangu Majimbo kwamba anamtazama kweli.

"Kila nikifunga macho naona mkono wako uko juu," alisema. "Naona mama kwa zizi, halafu naona mkono wako. Nimejaribu kuvitenganisha, vimekataa. Hakuna mtu mwingine ashawahi kusimama mbele ya watu kwa sababu yangu, Kendi, na hatatokea mwingine. Na nikikuangalia nataka kukimbia. Nakupenda. Lakini siwezi kukuoa."