Joto la Shimo la Boila Namba Mbili

Kihisi cha joto kwenye shimo la boila namba mbili kilionyesha nyuzi thelathini na nane, na Muyassar hakupendezwa hata kidogo. Ilikuwa Januari, mji wote wa Kokand umefunikwa na ukungu, na shimo halikuwa limemwagiwa kitu tangu alfajiri. Saa hiyo lilipaswa kuwa baridi kama chuma cha nje. Thelathini na nane ni joto la mtoto mwenye homa.

"Kihisi kimekufa," alisema Ikrom, mwenzake wa zamu, huku akimega mkate. "Kizike, dada. Dua nitasoma mimi."

Katika kiwanda kile cha mafuta ya mbegu za pamba, kubadilisha kihisi ilikuwa kazi ya dakika tano. Tangu mitambo mipya ifungwe msimu uliopita, vihisi vyote vilikuwa namna moja na vali zote namna moja, cha huku kikaingia kule bila kubembelezwa. Ikrom akafunga kipya kutoka kwenye boksi. Thelathini na nane. Akang'oa cha tangi la mafuta, akakitia shimoni. Thelathini na nane. Kile cha shimoni alipokipeleka tangini, kikasema kweli tupu.

"Basi hakidanganyi," alisema Muyassar polepole.

"Basi kuna mtu anaoga." Ikrom alicheka, lakini kicheko kilikatika mapema. Alikuwa ametoka kuinama juu ya shimo lile. Lilikuwa tupu, na lilinuka maziwa yaliyoungua.

Boila ni kama birika kubwa: chumvi hujikusanya chini. Kila baada ya saa nne maji ya chini hutolewa, yakiwa yanachemka, yakaingia shimoni. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mzee Turgun. Aligonga bomba kwa spana mara tatu, akapiga bismillahi kwa sauti, akangoja kidogo, ndipo akazungusha gurudumu la vali. Hakuna mama wa Kokand amwagaye maji ya moto ardhini bila jina la Mungu, asije akawaunguza wasioonekana. Lakini Turgun alikwisha kustaafu, na vali mpya ilifunguka yenyewe kwa sekunde nane, ikajifunga. Saa zake alizipanga Muyassar kwa kidole kimoja, bakuli la chai mkono wa pili.

Sasa alikuwa na mimba ya miezi saba. Tatu zilizotangulia ziliharibika, na daktari alimwambia waziwazi kwamba baada ya hii asitarajie nyingine.

Kesho yake, saa nane mchana, bomba likalia. Mwanzoni ilikuwa kama filimbi ya mvuke, sauti ambayo kila mtu wa boila anaijua na haimshtui. Kisha ikashuka, ikavuta pumzi, ikaanza tena kwa kwikwi, na namba ya joto kwenye skrini, iliyokuwa imeshuka usiku, ikapanda kutoka nne hadi thelathini na nane bila kupitia katikati, na Muyassar akahisi tumbo lake likikaza kama ngozi ya ngoma, na alipojishika kifuani akakuta gauni limelowa, maana maziwa yalikuwa yanamtoka, ya vuguvugu, miezi miwili kabla ya wakati wake, yakiitika kilio cha mtoto ambaye hakuwapo.

"Dada," alinong'ona Ikrom, na mdomoni mwake hamkuwa na mzaha tena. "Kaa chini. Dada, kaa chini."

Kilio kilipokoma, tumbo likalegea. Daktari alimpima jioni ile akatikisa kichwa: likikaza hivyo mara mbili tatu zaidi, mtoto atatoka, na kwa udogo wake hataishi.

Asubuhi Muyassar na Ikrom walimleta kiwandani Otin Hanifa, mwanamke aliyewasomesha wasichana wa mtaa wao Kurani.

"Mlinzi nimemwambia wewe ni mkaguzi," alisema Ikrom.

"Hukusema uongo. Nimekuja kukagua."

Alikaa ukingoni mwa shimo, akasoma kwa sauti ya chini. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikapanda. Akatega sikio bombani.

"Nani hufungua maji haya?"

"Hakuna, mama," alijibu Ikrom. "Hufunguka yenyewe."

"Chuma hakina yenyewe, mwanangu. Nani alikiambia?"

"Labda waliokitengeneza…"

"Mimi," alisema Muyassar. Tumbo lilikuwa limeanza kukaza. "Saa nilizipanga mimi."

Hanifa akamtazama kwa huruma. "Jini mwanamke aliungulia hapa. Alikuwa na kichanga. Mama kafa, kichanga kimebaki, na kina njaa. Kimesikia kwamba tumboni mwako kuna mahali pa mtoto. Kinapataka."

"Kifukuze! Bi Hanifa, nakuomba, kifukuze."

"Mchokozi ningemfukuza. Huyu ni yatima, na aliyemfanya yatima amekwisha kujitaja. Nikimfukuza leo atarudi akiwa mkubwa."

"Na wangu je?"

"Walionyonya kwa mama mmoja ni ndugu, na ndugu wa ziwa hamdhuru nduguye. Mwahidi. Lakini ujue unachoahidi: miaka miwili, haki ya kila mtoto. Ukimwachisha mapema, udugu umekwisha."

Bomba lilikuwa linalia. Muyassar alipiga magoti kwa shida, akashika chuma kwa mikono miwili.

"Subiri," aliliambia bomba. "Mwache azaliwe kwanza. Nitakunyonyesha wewe pia. Wallahi nitakunyonyesha."

Kilio kikakatika. Skrini ikaonyesha thelathini, ikashuka hadi kumi na mbili, kisha nne. Tumbo likalegea. Ikrom alikwenda akaifungia vali gurudumu la mkono, isifunguke tena yenyewe.

Binti alizaliwa wakati miaprikoti ya Kokand imechanua, mzima, mwenye sauti. Mama mkwe alisambaza peremende mtaa mzima. Siku arobaini Muyassar hakutoka ndani, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyeshangaa kwamba mtoto alipewa ziwa la kulia tu. La kushoto lilikuwa na zamu yake. Kila baada ya saa nne Muyassar aligeukia ukuta, akapiga bismillahi, akalegeza gauni, na mdomo mdogo, mkavu, wa moto, ukamshika. Hakutazama chini. Alimtazama bintiye aliyelala, akahesabu pumzi zake.

Siku ya arobaini alihisi meno.

Aliuma kanga ya mtoto asipige kelele. Binti alikuwa amelala vizuri. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja na miezi kumi, na zaidi kidogo.