Kiu Ndani ya Ngoma ya Mzee Napari

Wumpini alijaza visanduku vinne tu vya mapigo kwenye kioo cha kishikwambi, akabonyeza pa kuchezea, na ngoma ikalia mara tano.

Akadhani kidole kimeteleza. Akatazama tena: vinne. Akaichezesha tena: mara tano. Lile pigo la ziada lilikuja mwishoni, dogo na kavu, kama ukucha unaogonga kibuyu kitupu.

"Programu mbovu hii," alisema peke yake, akaishusha alama.

Vijana wa mji wa Tamale waliotengeneza muziki vyumbani mwao walikuwa wakimsubiri awaambie programu ipi ya ngoma inafaa. Alikuwa na tatu za kulinganisha. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ukigusa inalia papo hapo. Ya pili ilikuwa na mdundo mzito wa kutikisa kifua, ila ilichelewa nyuma ya kidole. Ya tatu ilikuacha uukate mlio na kuunyoosha utakavyo. Ili asiipendelee yoyote, zote alizilisha sauti moja: lunga ya Mzee Napari, baba yake mdogo. Lunga ni ngoma ya kubana kwapani, na wapigaji wa ukoo wao huisemesha maneno kama mdomo. Mzee mwenyewe alikuwa kaburini tangu kabla ya upepo mkavu wa harmatani kuanza.

Kwenye programu ya pili pigo lilirudi. Kwenye ya tatu mapigo ya ziada yalikuwa matatu, na chumba kikaanza kunuka ngozi mbichi ya mbuzi.

"Baba Sanatu!" Mke wake, Rahinatu, aliita kutoka uani. "Nani kamaliza maji ya mtungi?"

"Umejaa huo. Nimechota sasa hivi."

"Njoo uone kwa macho yako, basi."

Alikwenda akaona. Mtungi haukuwa umemwagika wala kupasuka. Ulikuwa mkavu hadi chini, na chini kulikuwa na vumbi. Kando yake binti yao, Sanatu, alikaa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Mama, kiu," alisema.

Kiu hiyo haikukatika. Mtoto alikunywa maji, uji, mchuzi wa majani ya ayoyo, alikunywa hadi tumbo likamkaza, na bado midomo yake ilipasuka na kutoa damu. Hospitalini walimpima wakasema hana ugonjwa wowote. Nyumbani ndoo zilikauka zikiwa zimefunikwa, na Rahinatu alipozijaza zilikauka tena, na harufu ya ngozi ikatoka chumbani ikashika ukumbi, ikaingia kwenye nguo, kwenye chakula, kwenye nywele za mtoto, na kila mtoto alipoinua kikombe kulisikika, ndani kwa ndani, kama nyuma ya ukuta na kama ndani ya kifua chako mwenyewe, lile pigo dogo, kavu, ambalo Wumpini alijifanya halisikii.

Mchana mmoja Rahinatu alisimama mlangoni.

"Zima hicho kitu."

"Kimezimika."

"Nimesema zima, Wumpini!"

"Rahi, chaji imekwisha tangu asubuhi. Tazama."

Kioo kilikuwa cheusi, na ngoma ilikuwa ikilia. Rahinatu alizaliwa katika nyumba ya wapigaji. Alisikiliza, kisha akajiziba mdomo kwa kitambaa.

"Unajua inasema nini?" alinong'ona.

"Mimi niliacha ngoma nikiwa mdogo."

"Inasema 'nipe maji.' Tena na tena. Na huo ni mkono wa Mzee." Akamkazia macho. "Umefanya nini?"

Wumpini alikuwa ameielewa ngoma hiyo tangu siku ya kwanza.

Walimbeba mtoto hadi nyumba ya marehemu. Mjane wake, Mma Azaratu, alitandika mkeka, na Afa Mumuni, mwalimu wa dini aliyejulikana kwa kutoa majini, akawasha ubani na kusoma. Alisoma hadi jasho likamtiririka. Ndipo sauti nzito, kavu, ikatoka kwenye kifua kidogo cha Sanatu.

"Mimi sinywi maji."

"Ya nyumba hii unayapeleka wapi, basi?" Afa aliuliza.

"Namkumbusha."

"Unamkumbusha nani?"

Macho ya mtoto yalikuwa yamefumbwa, lakini uso ukageuka taratibu hadi ukamwelekea baba yake.

Wumpini akaanguka magoti. "Nilikuwa nimekificha kishikwambi chini ya kanzu, kikinasa sauti," alisema. "Siku ile ya mwisho. Alikuwa anapiga lile pigo asilolipiga mbele za watu, akidhani ananiaga tu. Katikati akasimama, akaomba maji. Kibuyu kilikuwa hapa, karibu na goti langu. Nikaona nikisogea, sauti itaharibika."

"Endelea," alisema Afa.

"Nikamwambia amalize kwanza. Akapiga kidogo, akaomba tena, safari hii kwa ngoma, maana koo lilikuwa limekwisha. Nikajifanya sielewi. Akamaliza. Akalala ubavu, akakata roho. Baadaye nikaikata sehemu alipoomba, nikaunganisha, isijulikane."

Mma Azaratu hakupiga kelele. "Nilitoka kumtafutia kuni za kumpashia uji," alisema. "Nilitoka kwa sababu ulikuwepo wewe."

Sanatu alitetemeka mwili mzima, akapiga chafya, na harufu ya ngozi ikatoka mlangoni kama mtu anayeaga. Rahinatu akampa kikombe. Mtoto akanywa nusu, akakisukuma, akalala. Afa akashukuru Mungu.

"Ile sauti usiyoikata unayo?" mjane aliuliza.

"Mma, acha," alisema Afa.

"Ni mume wangu. Niwekee."

Wumpini alichomeka kishikwambi kwenye umeme, akaichezesha. Lunga ikalia, tamu, ikasita. Kikohozi. Kisha sauti ya Mzee: "Maji, mwanangu." Kisha sauti ya Wumpini, ya upole kabisa: "Maliza kwanza, Baba."

Na baada yake, karibu sana na kishikwambi, sauti ya tatu, ile nzito, kavu: "Ndiyo. Maliza."

Siku ile chumbani walikuwa wawili tu.

"Mmelisikia jini hilo?" Wumpini aliruka. "Lilikuwepo! Lilikuwepo siku zote! Ndilo lililonitia maneno mdomoni, Wallahi, mimi nisingeweza—"

Mma Azaratu aliinua mkono.

"Rudisha nyuma."

Akarudisha. Wakasikiliza tena, wote, hadi mwisho.

"Nani ametangulia kusema?" aliuliza mjane.

Jikoni kwake chungu kilikuwa kikichemka. Wumpini aliinamisha kichwa hadi paji likagusa mkeka.

"Mimi."

Mjane akainuka, akaenda kutazama chungu chake, na siku ile hakutoka tena nje hadi walipoondoka.