Doa Lililokataa Rangi

Mama Rangi alikuwa fundi wa kutia vitambaa rangi. Mikono yake ilikuwa ya buluu hadi kwenye viwiko, na mdomo wake haukujua kupumzika. Asubuhi moja alilichovya gauni lake jeupe, lile alilolipenda kuliko yote, kwenye pipa la rangi nyeusi.

Binti yake alishika kiuno. "Mama! Gauni la harusi ya kaka? Kulikoni?"

"Nyeupe inachafuka haraka."

Binti alimkazia macho mpaka mama akasalimu amri. "Hedhi imerudi, mwanangu. Na ilishakoma miaka mingi iliyopita! Wifi yangu ananitania, eti nimerudia usichana."

Alijaribu kucheka, akashindwa.

"Usichana haurudi hivyo, mama. Kesho twende hospitali."

Daktari alichukua kinyama kidogo kutoka ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Majibu yalipotoka, mtaalamu wa maabara aliwaonyesha picha ya kinyama hicho kwenye kompyuta.

"Mwili umejengwa kwa seli, chembe ndogo sana," alisema. "Ndani ya seli kuna protini. Hii tuliyoipima huzuia seli zisizaliane ovyo. Tukitia dawa, palipo na protini hiyo panageuka kahawia."

Mama Rangi alisogea karibu. Mambo ya rangi alikuwa anayaelewa. "Mbona hapa rangi imekataa?"

"Hapo protini imetoweka. Hilo peke yake halitoshi, lakini hata maumbo ya seli yamebadilika."

"Ni saratani?" Aliogopa, wala hakuficha.

"Hapa hatujaiona, mama. Ila mabadiliko haya yakiachwa, yanaweza kuwa saratani. Damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, hiyo si hedhi. Hata tone moja lipimwe."

Daktari alishauri mfuko wa uzazi utolewe, na Mama Rangi akakubali. Baada ya upasuaji mfuko ulipimwa tena. Saratani haikuonekana. Mama Rangi alilia kwa furaha mbele za watu.

Aliporudi kazini, wifi yake alikuja na shuka jeupe kwapani.

"Litie nyeusi, wifi."

Mama Rangi hakulichovya. Alimtazama usoni. "Imeanza lini?"

Wifi aliinamisha kichwa. "Juzi. Naogopa."

"Hata mimi niliogopa." Mama Rangi alivua aproni, akalikunja shuka likiwa jeupe vilevile. "Twende. Nakusindikiza."